Mpango wa karanga wa Kongwa: ni mvua ilikosekana, au udongo uligoma?

Mwalimu_Chamwino

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Jiografia pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili, kidato cha tatu. Nikifika kwenye mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, vitabu vinanipa sentensi mbili tu: ulianza 1947, ukafa 1951 kwa sababu ya ukame. Wanafunzi hawaridhiki, na wana haki. Wengi wao kwao ni Kongwa, Mpwapwa na Bahi, ambako karanga zinalimwa kila msimu kwa jembe la mkono. Kama mama mwenye ekari moja anavuna, iweje serikali yenye matrekta na mamilioni ya pauni ishindwe?

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Kwanza, sababu zenyewe kwa uzito wake, maana orodha ya kujibia mtihani ninayo tayari. Pili, Wagogo walikuwa wanaitumiaje ardhi hiyo kabla ya mpango kufika? Tatu, kuna zoezi gani la vitendo ambalo wanafunzi 45 wanaweza kulifanya nje ya darasa, bila maabara?

Tifutifu

Mwalimu, ukame umo ndani ya jibu, ila peke yake haujibu swali la wanafunzi wako. Anza na mmea wenyewe, halafu udongo, ndipo uje kwenye mvua.

Karanga inachanua juu na kuzaa chini. Siku 30 hivi baada ya kupandwa inaanza kutoa maua ya njano. Ua likishachavushwa, kitako chake kinarefuka na kuwa kikonyo, kinashuka, kinatoboa ardhi, na ganda linakua humo ndani sentimita chache chini ya uso. Mahindi na mtama hayana shida hiyo. Kwa hiyo kwa karanga, uso wa udongo ni mlango: ukiwa mgumu wakati vikonyo vinashuka, vinakauka hewani na mmea unabaki majani matupu. Na hata vikipenya, kuna mtihani wa pili siku ya kuvuna. Ukivuta shina kwenye udongo uliokauka, shina linakuja na maganda yanabaki ardhini.

Sasa udongo wa Kongwa. Sehemu kubwa ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali wa kwatzi. Ukilowa unalimika vizuri tu. Ukikauka unashikamana na kuwa kigae, na hilo linatokea ndani ya siku chache jua likiwaka. Huo mfinyanzi na ugumu wake ndivyo vinavyoufanya ufae kuezekea tembe: ukitandazwa juu ya fito na kushindiliwa, unakaa miaka kwenye nchi yenye mvua chache. Kinachofaa kwa paa kinaua karanga. Zile punje za kwatzi nazo zinasaga chuma, ndiyo maana majembe ya matrekta ya mpango yalikuwa yanalika haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Halafu wakaja na mashine nzito. Tingatinga linapong'oa kichaka linafanya mabaya matatu kwa mkupuo mmoja: linakwangua tabaka la juu lenye mboji, linashindilia tabaka la chini, na linaacha ardhi wazi. Tone la mvua ya kwanza likiipiga ardhi iliyo wazi, chembe laini zinatawanyika na kuziba vitundu vya uso. Jua likitoka panajitengeneza gamba. Mvua inayofuata haizami, inatiririka. Unaweza kupata milimita 40 kwa mchana mmoja na nusu yake ikaenda zake korongoni.

Ndipo tuje kwenye mvua. Dodoma na Kongwa zina msimu mmoja, Desemba hadi Machi au Aprili mwanzoni, na wastani wa mwaka uko karibu milimita 500 hadi 600. Karanga za muda mfupi zinaweza kuridhika na kiasi hicho. Tatizo liko kwenye mgawanyo. Mara nyingi mvua inakata katikati ya msimu, Januari mwishoni au Februari, wiki mbili au hata tatu. Hesabu sasa: aliyepanda Desemba katikati, vikonyo vyake vinashuka mwishoni mwa Januari. Aliyechelewa hadi Januari kwa sababu shamba halijasafishwa, kipindi kikavu kinamkuta kwenye maua na vikonyo, na mvua inaisha kabla maganda hayajajaa. Mpango ulikuwa unachelewa kila msimu kwa sababu kusafisha pori kulichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Mama mwenye ekari moja anafanikiwa kwa sababu anapanda mvua ya kwanza au ya pili inapotosha, anachagua kipande chenye kichanga, na wakati wa palizi anavunja lile gamba kwa jembe la mkono na kuinua udongo kidogo kuelekea shinani. Siku ya kuvuna anasubiri ardhi iwe na unyevu, au anachimbua mmea mmoja mmoja. Hayo hayawezekani kwa shamba la ekari 30,000 linalosubiri trekta.

Msagali_Jct

Tifutifu amemaliza udongo. Naweka upande wa mipango na usafiri, maana hapo ndipo ukubwa wa kosa unaonekana.

Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Siagi ya mimea na sabuni vilikuwa kwa mgao. Frank Samuel wa United Africa Company, tawi la Unilever, akapeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ukiangalia ardhi kutoka kwenye ndege. Ukapendekeza ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Tanganyika ipate 80, mengine yaende Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Ndani ya Tanganyika, Jimbo la Kati lilipangiwa ekari 450,000, Magharibi (Urambo) 300,000, na Kusini (Nachingwea) 1,650,000.

Hilo wape wanafunzi kama hesabu. Ekari 450,000 ni takriban kilomita za mraba 1,820. Wilaya ya Kongwa nzima, milima na vijiji vikiwemo, ina takriban 4,041. Walitaka eneo linalokaribia nusu ya wilaya ya leo ligeuke shamba la karanga, na hakukuwa na shamba la majaribio hata la misimu miwili kabla ya kuagiza mashine. Kwangu mimi hilo ndilo kosa mama. Udongo mgumu na mvua inayokatika vingeonekana kwenye ekari 500 kwa gharama ndogo sana.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga Kongwa msimu ule hazikufika 10,000. Kilichotokea katikati ni hiki.

Mashine zilikuwa mitumba ya vita. Viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha, kwa hiyo wakanunua matingatinga yaliyoachwa na jeshi la Marekani Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka tayari. Kampuni ya Vickers nayo ilibadilisha vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam haikuwa na uwezo wa kupokea mzigo ule, na kutoka hapo kulikuwa na reli moja tu, ya njia moja, iliyojengwa na Wajerumani. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata mabonde ya Mkondoa na Kinyasungwe, mito ambayo hukauka na kisha kufurika ghafla. Mafuriko yalikata reli mapema kabisa katika mpango. Mzigo ukifika ulishushwa Msagali, kisha tawi jipya la reli likajengwa kutoka hapo kuelekea Kongwa.

Pori lenyewe: kichaka kizito cha miiba, migunga na mibuyu. Mti unaweza kuuangusha. Wakagundua kwamba minyororo ya nanga za meli, ikivutwa na matingatinga mawili sambamba, inalaza kichaka vizuri. Kazi iko chini. Mizizi ya kichaka cha Kongwa imesukana na inachipua upya. Visu vya kukatia mizizi vilipinda na kuvunjika. Hadi robo ya tatu ya 1947 sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri na mafundi.

Shirika la serikali, Overseas Food Corporation, lilichukua usimamizi 1948. Kongwa walipunguza karanga wakaongeza alizeti, nayo ikakutana na msimu mkavu wa 1948/49. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango na kufuta deni la karibu pauni milioni 36. Karanga zilizovunwa kwa jumla zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoagizwa.

Mbuyuni

Swali la pili la Mwalimu nalijibu mimi, kwa sababu ndilo linaloachwa kila mahali.

Wazungu waliiona Kongwa kama ardhi tupu, wakauhesabu utupu huo kuwa faida: hakuna wa kuhamisha. Lakini katika nchi kavu, kila penye maji ya kudumu pana watu. Pakiwa na watu wachache, uliza maji yako wapi. Ushahidi ulikuwepo tangu karne ya 19. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipoondoka Mpwapwa na Chunyo kuingia Ugogo ilivuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji machungu. Wapagazi walijaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala njiani pasipo maji, kesho yake wakafika. Mwendo huo wa mchana ndio ulioitwa tirikeza. Burton na Speke walipita huko 1857, Stanley 1871, na wote waliandika kuhusu ukavu huo. Huo ukanda uko jirani kabisa na Kongwa.

Ndiyo maana watemi wa Ugogo waliweza kudai hongo, yaani ushuru wa kupita, nzito kuliko sehemu nyingi za njia. Msafara wa watu mamia uliohitaji kunywa na kula kwenye visima vichache haukuwa na ujanja. Vitabu vya zamani vinaita hongo unyang'anyi. Mimi naiona kama bei ya maji na chakula katika nchi ambayo vyote ni adimu, na mwenyeji akikosea hesabu anakufa njaa yeye.

Kuhusu kilimo: zao kuu la Wagogo ni uwele na mtama. Uwele unavumilia ukavu, na mtama unaweza kudumaa wakati mvua imekata halafu ukaendelea ikirudi. Kaya haiweki mashamba yote mahali pamoja. Kipande kiko kwenye kichanga juu, kingine kwenye mbuga yenye udongo mweusi bondeni, kwa sababu mvua za huku zinanyesha kwa mafungu: kijiji kimoja kinapata, cha jirani kinakosa. Mwaka wa mvua nyingi mbuga inatuama maji na kichanga kinatoa. Mwaka mkavu ni kinyume chake. Karanga, njugu mawe na kunde vilikuwa mazao ya pembeni, mara nyingi mikononi mwa wanawake.

Kuandaa shamba ni kwa kuberega: unafyeka, unakusanya masalia, unachoma, unapanda bila kutifua. Maofisa kilimo wameilaumu sana njia hii, na kweli kuchoma masalia kunaiacha ardhi uchi. Ila ina mantiki moja. Ardhi imekauka mno kuweza kulimwa kabla ya mvua, na ukisubiri mvua ndipo ulime, unapoteza siku za kupanda. Katika msimu wa siku 100 hivi, wiki moja ni mali.

Na juu ya yote kuna mifugo. Ng'ombe ni mahari na heshima, lakini pia ni ghala linalotembea: mavuno yakikosekana anauzwa au anabadilishwa kwa nafaka na watu wa mbali waliovuna. Mpango wa karanga haukuwa na kitu chochote cha namna hiyo. Ulitegemea zao moja na tarehe moja, na kila shamba lilikuwa kubwa kuliko wingu la mvua.

Mwalimu_Chamwino

Asanteni sana, hii ni hazina. Mbuyuni, kwa hiyo ukiniuliza mtihani, sababu ya kwanza niandike "kutozingatia maarifa ya wenyeji"? Na kuna uhusiano wowote na njaa kubwa ya Mtunya? Wazee wa wanafunzi huitaja.

Pia bado nasubiri zoezi.

Mbuyuni

Andika, lakini wafafanulie maarifa yapi: wakati wa kupanda, kutawanya mashamba, na kutotegemea zao moja. Bila hivyo linabaki neno la kupambia insha.

Mtunya ni 1917 hadi 1920, miaka 30 kabla, na haihusiani na karanga moja kwa moja. Nashauri uifundishe kabla ya somo hili, kwa sababu inaonyesha ukame unavyogeuka kuwa njaa. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, na wanaume wakachukuliwa upagazi. Ghala zote mbili, ya nafaka na ile inayotembea, zikawa tupu kwa wakati mmoja. Mvua ilipokosekana baada ya hapo hapakuwa na cha kuuza. Kisha ikaja homa ya mafua ya 1918. Inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa. Mvua mbaya zilikuwepo kabla na baada, bila vifo vya kiasi hicho.

Kopo_na_Nondo

Mwalimu, zoezi hili hapa. Vifaa: makopo makubwa ya maziwa ya unga yenye upana wa karibu sentimita 15, chupa za maji za lita moja na nusu zisizo na rangi, kipande cha nondo ya milimita 10 chenye urefu wa sentimita 60, nyundo, kipande cha ubao, rula, saa, na chombo cha kupimia mililita. Gawa wanafunzi makundi tisa ya watano. Chagua sehemu tatu zinazotofautiana: chini ya kichaka au mti ambapo majani yameanguka, kwenye shamba lililolimwa, na kwenye njia ya ng'ombe au uwanja. Kila sehemu ipate makundi matatu, ili mwisho mpate wastani badala ya namba moja.

Kipimo cha kwanza ni kunywa maji. Kata kopo pande zote mbili libaki bomba. Ondoa majani makavu bila kuchokonoa udongo, weka ubao juu ya kopo, ligonge liingie sentimita 5. Bonyeza udongo kwa kidole kuzunguka ukingo wa ndani tu, vinginevyo maji yatapita pembeni mwa bati na namba itakudanganya. Tandika kipande cha nailoni ndani, mimina mililita 450, kisha vuta nailoni taratibu na uanze kuhesabu muda. Kwa kopo la upana huo, 450 ni sawa na mvua ya milimita 25. Maji yakiisha, rudia mara ya pili mahali palepale. Namba ya kuandika ni ya mara ya pili, kwa sababu ya kwanza inategemea ardhi ilikuwa kavu kiasi gani. Chini ya kichaka tarajieni dakika chache. Kwenye njia ya ng'ombe inaweza kupita nusu saa maji yamesimama. Hapo wekeni kikomo cha dakika 40 na mpime kwa rula kimo kilichobaki.

Kama kopo lako lina upana tofauti, usitumie 450. Chukua nusu ya upana, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa 2.5. Upana wa sentimita 10 unakupa mililita 196.

Kipimo cha pili ni ugumu. Mwanafunzi mmoja, yuleyule kwa sehemu zote, anasukuma nondo kwa mikono miwili bila kuigonga. Pimeni imeingia sentimita ngapi, mara tano kila sehemu. Halafu mwagilieni kipande cha nusu mita kwa nusu mita lita 10, subirini saa 24, pimeni tena. Tofauti kati ya kavu na mbichi ndiyo historia nzima ya Kongwa kwa namba. Kubadilisha msukumaji kunaharibu zoezi, maana mnakuwa mmepima misuli ya watu.

Kipimo cha tatu ni chupa. Toa udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 15, ponda mabonge, ondoa mizizi na kokoto. Jaza theluthi ya chupa, ongeza maji hadi karibu na shingo, weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga, tikisa dakika tano bila kupumzika, simamisha. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito baada ya dakika moja: hapo ni mchanga. Baada ya saa mbili: tabaka lililoongezeka ni silti, yaani chembe za kati ya mchanga na mfinyanzi. Mfinyanzi unatua siku moja hadi mbili, na ukiwa mwingi maji ya juu yanabaki mekundu hata zaidi. Gawanyeni kimo cha kila tabaka kwa kimo chote mpate asilimia. Sabuni msiiache: bila hiyo chembe za mfinyanzi zinashikana, zinatua mapema pamoja na mchanga, na darasa litaandika kwamba udongo wa Kongwa ni kichanga.

Kwa mvua: ombeni rekodi za kila siku, si jumla za mwezi, kwenye kituo cha hali ya hewa au cha utafiti kilicho karibu. Siku yenye chini ya milimita 1 ihesabiwe kavu. Kwa kila msimu wanafunzi watafute mfululizo mrefu kuliko wote wa siku kavu kati ya 15 Desemba na 15 Machi, na waandike uliangukia tarehe zipi. Weka pembeni jumla ya mvua ya msimu huo. Watakutana na misimu miwili yenye jumla zinazokaribiana na mifululizo tofauti kabisa. Hapo neno "ukame" litaanza kuwa na maana kwao.

Tifutifu

Zoezi safi. Kama shule ina kipande cha bustani, ongeza karanga zenyewe. Mbegu ya Pendo inakomaa siku 90 hadi 100 na inapatikana. Mistari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 10, punje moja, kina sentimita 5. Kwa ekari ni kilo 32 hivi. Kwa kipande cha mita 5 kwa 5 hazifiki robo kilo.

Gawa mara mbili: upande mmoja uvunjwe gamba na kuinuliwa udongo kabla vikonyo havijashuka, yaani wiki ya tano, upande wa pili upaliliwe kwa kung'oa magugu kwa mkono tu. Baada ya vikonyo kuzama msiguse tena kwa jembe, mtavikata. Siku ya kuvuna hesabuni maganda yaliyokuja na shina, kisha chimbueni mlipovuna mhesabu yaliyobaki ardhini.

Msipande mwishoni mwa Januari ili mkutane na kalenda ya masomo. Zilizochelewa na zilizopandwa kwa nafasi kubwa ndizo vidukari wanazipenda, na vidukari ndio wanaoleta rozeti: mmea unadumaa, majani yanakuwa madogo na kujikunja, mavuno yanakuwa hakuna. Mkishavuna kausheni mara moja juu ya turubai hadi punje zilie ukitikisa ganda. Zilizopasuka, zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, asipewe kuku wala mtoto. Karanga zilizoteswa na ukavu mwishoni mwa msimu zinabeba sumukuvu kwa urahisi, na kuzikaanga hakuiondoi.

Nzasa86

Mmesahau wafanyakazi. Maelfu walikusanywa Kongwa ghafla, bidhaa na chakula vikapanda bei eneo zima, na mgomo ulioanza kwa makuli wa Dar es Salaam Septemba 1947 ulisambaa kando ya reli hadi kambi za mpango. Hiyo ni sehemu ya historia ya vyama vya wafanyakazi Tanganyika, siyo ya karanga peke yake.

Mwalimu_Chamwino

Nimelichukua hilo, Nzasa86, asante. La mwisho: tukienda Kongwa na basi la shule, kuna cha kuona? Na twende lini?

Msagali_Jct

Kipo, ila kinahitaji maelezo, hakuna makumbusho makubwa. Kutoka Dodoma mnashika barabara ya Morogoro hadi Mbande, hapo mnaiacha kuingia Kongwa mjini. Anzeni ofisi ya wilaya kwa barua iliyotumwa mapema, hasa afisa utamaduni, kwa sababu baadhi ya maeneo yanatumiwa na taasisi na huwezi kuingia na wanafunzi bila ruhusa.

Ardhi iliyosafishwa haikurudi yote kuwa pori. Sehemu iligeuzwa malisho, na ranchi ya Kongwa pamoja na kituo cha utafiti wa mifugo vimetokana na hilo: nyasi zilikubali mahali ambapo karanga zilikataa. Majengo ya mpango yalitumika kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu katika miaka ya 1950.

Kinachowagusa zaidi wanafunzi ni kambi za wapigania uhuru. Kuanzia 1963 na 1964 Tanzania iliwapa FRELIMO ya Msumbiji, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, eneo la Kongwa kwa mafunzo ya kijeshi. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa miongoni mwa waliokaa hapo. Sababu za kuchagua Kongwa zinafanana na zile za Wakefield, zikasomwa vizuri zaidi: ardhi wazi, watu wachache, mbali na mipaka, na mabaki ya majengo ya mpango yaliyoweza kuanzia kambi. Makaburi ya waliofia pale yapo, na yanatunzwa. Yatembelewe kwa utulivu.

Wakati: Oktoba au Novemba mwanzoni, kabla ya mvua, kama lengo ni udongo. Mkiwa barabarani angalieni makorongo. Kipindi hicho yanaonekana vizuri kwa kuwa majani yamekwisha. Beba maji yenu ya zoezi, lita 5 kwa kila kundi, msiombe kwenye visima vya watu mwezi huo.

Kopo_na_Nondo

Nyongeza kwa hilo: chukueni makopo yaleyale mliyotumia shuleni na msukumaji yuleyule wa nondo, halafu rudieni shuleni vipimo vyote Januari, siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Andikeni kwenye kila chupa mahali, kina na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Karatasi za kubandika zinadondoka chupa zikilowa, na chupa tisa za udongo mwekundu zote zinafanana.